Nchi Isiyokuwa na Budi

Palikuwa na nchi, na mpaka leo ipo. Mwenye kutaka kujua ilipo na anyooshe kidole upande wowote autakao; hatakosea sana.

Nchi hiyo ilijaliwa neema nyingi, na neema iliyozizidi zote ni kwamba hapakuwa na mtu hata mmoja aliyewahi kufanya kosa. Sukari ikipanda bei, hakuna aliyeipandisha. Ilipanda kwa sababu hapakuwa na budi. Daraja likianguka, hakuna aliyelijenga vibaya. Lilijitazama, likaona halina budi, likaanguka. Maji ya bomba yalikatika, hakuna budi. Walimu walikopwa mishahara, hakuna budi. Na Mtukufu Rais, aliyeapa mara nyingi kwamba atastaafu, alibaki Ikulu mwaka baada ya mwaka, akifuta machozi kwa leso ya hariri na kusema, "Ndugu zangu, nani asiyependa kupumzika? Lakini tutafanyaje? Hatuna budi."

Palikuwa na wizara nzima ya shughuli hiyo. Iliitwa Wizara ya Mambo Yasiyoepukika, na jengo lake lilikuwa refu kuliko misikiti na makanisa yote ya mjini. Waziri wake alikuwa Mheshimiwa Dakta Fumbata, bingwa wa falsafa ya uvumilivu, ambaye kazi yake ilikuwa kuwaeleza wananchi, kwa upole na kwa mifano, kwa nini jambo walilofanyiwa lisingeweza kuwa vinginevyo.

Lakini maneno yenyewe yaliandikwa na mtu mmoja mwembamba aliyeitwa Shaweji Ngoda. Zamani Shaweji alikuwa mwalimu wa Kiswahili katika chuo cha ualimu. Siku moja alisoma risala ya harusi iliyomliza baba wa bwana harusi, na baba huyo alikuwa Dakta Fumbata. Kesho yake gari jeusi lilimfuata chuoni. Tangu hapo ndiye aliyekuwa mwandishi wa hotuba za Mtukufu, na "hatuna budi" alikuwa akiinyunyiza kama mpishi anyunyizavyo chumvi. Hotuba iliyokosa chumvi hiyo ilirudishwa na swali moja la wino mwekundu: "Sasa hapa atalaumiwa nani? Rekebisha."

Shaweji hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na ule woga wa kawaida wa mtu mwenye mshahara.

Balaa lilianzia katika soko la Kwamkunguni, siku Mtukufu alipokwenda kulivunja. Hakwenda kulivunja kwa mikono yake, la. Alikwenda kuwatangazia wenye soko jinsi litakavyovunjwa, maana alikuwa kiongozi mwenye adabu.

"Soko hili ni moyo wa jiji letu," alinguruma kutoka jukwaani. "Na moyo, wananchi, hauna budi kupasuliwa ili upone! Hapa tutajenga Uwanja wa Saluti, ili siku ninapopita, nanyi mpate pa kusimama!"

Makofi yakapigwa. Kisha ikafika zamu ya maswali. Wizara ilikuwa na muulizaji wake, mzee mmoja aliyezunguka naye nchi nzima akiuliza swali lile lile, "Mtukufu, unawezaje?" Kwa bahati mbaya mzee huyo alikuwa ameshangilia mno tangu asubuhi, na sauti ikamkauka. Akafumbua mdomo, hakikutoka kitu. Kipaza sauti kikapitishwa mkono hadi mkono, kila mtu akikikwepa kama kaa la moto, mpaka kikatua kwa Bi. Siwema, muuza vitumbua wa kona ya soko, mama wa makamo mwenye sauti iliyozoea kushindana na mashine ya kusaga.

"Shikamoo Mtukufu," alisema Bi. Siwema, na ndege wakaruka juu ya paa. "Mimi swali langu dogo tu. Tangu nivunje ungo nasikia hatuna budi. Mwaka wa ukame, hatuna budi. Mwaka wa mafuriko, hatuna budi. Nikaolewa, nikaachwa, nikaolewa tena, bado hatuna. Sasa nauliza: hiyo budi ilikwenda wapi? Iliisha? Iliibwa? Na majirani zetu ng'ambo ya mto, wao wanayo? Kama wanayo, kwa nini tusiazime hata kibaba?"

Shaweji, aliyekuwa amesimama chini ya jukwaa, akashika nguzo.

Mtukufu alikuwa na sifa moja ambayo hata maadui zake walimkubalia: hakuna shida iliyofikishwa mbele yake ikaondoka bila kuahidiwa. Akamgeukia Dakta Fumbata.

"Ni kweli hatuna?"

"Hatuna, Mtukufu," Dakta Fumbata akaitika kwa mazoea.

"Hata kidogo?"

"Hata chembe."

"Na ninyi mmekaa kimya!" Mtukufu akafura. Akaishika mimbari kwa mikono miwili. "Wananchi! Serikali yangu haitavumilia upungufu huu! Leo nasema, na redio inanisikia: ikifika Sikukuu ya Taifa, kila nyumba katika nchi hii itakuwa na budi! Kila nyumba!"

Watu walilipuka. Akina mama walipiga vigelegele, vijana wakabebana mabegani, wakaimba "Budi! Budi! Budi!" mpaka mabati ya soko yakatetemeka. Mtukufu hakuwa amewahi kushangiliwa hivyo bila kulipia. Akapanda gari akiwa na furaha ya mtoto aliyepewa baiskeli.

Shaweji alirudi wizarani. Alilijua neno lile kama alivyolijua jina la mama yake, na kujua huko ndiko kulikomtia homa.

Baraza la mawaziri liliitwa mara moja. Waziri wa Kilimo alieleza kuwa budi ilikuwa ikistawi sana enzi za mababu, ila ilishambuliwa na fangasi; akaomba fungu. Waziri wa Afya akasema wananchi wengi wanaofika hospitali macho yamewatumbukia ni kwa kukosa budi mwilini. Akaomba fungu kubwa zaidi. Waziri wa Ulinzi akasema kwa kuwa haijulikani kama budi inalipuka au hailipuki, ni busara ihifadhiwe kambini.

Shaweji akanyoosha mkono. Dakta Fumbata akamvuta nje, ukumbini.

"Mheshimiwa," Shaweji akanong'ona, "budi si kitu. Ni neno tu. Halisemwi peke yake. Linasemwa na 'hakuna', na 'sina', na 'hatuna'. Halina upande wa pili."

"Shaweji mwanangu," akasema Dakta Fumbata kwa upole wake wa kifalsafa, "unataka nirudi mle ndani nimwambie Mtukufu kwamba ameahidi hewa?"

"Ndivyo alivyoahidi, Mheshimiwa."

"Basi itafute hewa hiyo."

Jioni redio ikatangaza kwamba Ndugu Shaweji Ngoda ameteuliwa kuwa Mkurugenzi Mkuu wa Kamisheni ya Kurejesha Budi. Akishindwa, ilisema redio kwa sauti tamu, atapewa likizo ya kutafakari. Shaweji aliwafahamu watu watatu waliowahi kupewa likizo hiyo. Walikuwa bado wanatafakari. Hata wake zao hawakujua ni wapi.

Nchi nzima ikashikwa na wazimu wa furaha. Magazeti yaliandika "BUDI YAONEKANA KUSINI", na waandishi waliokimbilia huko wakakuta ni mbuzi. Wachuuzi waliuza budi ya maji katika chupa za soda, ya kunywa na ya kujipaka. Vijana wakikutana barabarani, mmoja alisema, "Vipi, umeipata?" na mwenzake akajibu, "Bado, ila naisikia harufu." Bungeni palitokea ngumi juu ya nani apewe kwanza, wajane au wabunge, kwa kuwa wabunge walidai wameteseka bila budi kwa muda mrefu zaidi, na tena mbele ya kamera.

Zabuni ya kuagiza budi kutoka ng'ambo ilichukuliwa na kaka wa mke wa Mtukufu, ambaye watu walimwita Shemeji wa Taifa. Alikuwa ameshinda zabuni zote za nchi ile kwa kipaji chake cha kuwepo. Makasha yakafika yamepigwa lakiri nyekundu. Shaweji akasimamia yafunguliwe. Kasha la kwanza tupu. La pili tupu. Yote matupu, safi, yananukia msonobari.

"Mzee, mbona hamna kitu?" Shaweji akauliza.

"Ndiyo yenyewe hiyo," Shemeji wa Taifa akasema bila kupepesa macho. "Wewe si ndiye unayetuandikia kila siku kwamba hakuna budi? Sasa tazama: hakuna. Daraja la kwanza."

Mwalimu wa zamani aliyekuwa amelala ndani ya Shaweji alitamani kumpigia makofi. Mkurugenzi Mkuu aliyekuwa macho akatoka nje akatapika.

Sikukuu ilipokaribia na vyombo vya kubomolea vikaanza kupangwa kandokando ya soko la Kwamkunguni, Shaweji alikwenda mwenyewe kwa Bi. Siwema. Alimkuta mbele ya jiko, akigeuza vitumbua kwa kijiti.

"Shikamoo Bi. Siwema."

"Marahaba baba, karibu kigoda. Umeileta?"

"Nini?"

"Budi. Si wewe uliyetumwa?"

Shaweji akakaa. Akamweleza kwamba amekuja na ombi. Hivi haingewezekana akaenda redioni akasema kwamba alikosea? Aseme kwamba aliuliza habari ya bodi, bodi ya shule, au ya maji, yoyote ile, ila watu wakasikia budi.

"Mwanangu," Bi. Siwema akasema, "kwa sauti hii yangu? Nani ataamini kwamba sikusikika?"

Akageuza kitumbua. Kisha akamtazama vizuri, akaona jinsi shati lilivyomlowa mgongoni, akaacha utani.

"Kwani hiyo budi ni nini hasa? Niambie kweli. Mimi niliuliza kwa sababu sijui, na kwa sababu nilikuwa na hasira. Wakivunja hapa, nina wajukuu watatu aliowaacha binti yangu, na sina kona nyingine ya kuweka jiko hili."

Ilikuwa miaka mingi tangu mtu amuulize Shaweji maana ya neno kwa kutaka kuijua. Akamweleza kwamba neno hilo lilitoka Uarabuni, likaja na wafanyabiashara na wanazuoni. Kule kwao lina maana ya namna ya kuepuka, njia ya kuponea. Waarabu wenyewe walipenda kulisema pamoja na hapana: hapana pa kuponea. Basi sisi tulipolipokea, tulilipokea pamoja na hapana yake, kama mtu aliyeoa mke akaletewa pamoja na mama mkwe. Hatukuwahi kulisema peke yake mpaka leo.

"Kwa hiyo ni upenyo," akasema Bi. Siwema.

"Upenyo hasa."

"Mlango wa uani."

"Mlango wa uani, mama."

Bi. Siwema akaweka kijiti chini. "Ngoja, ngoja. Mtukufu amesimama mbele ya redio akasema kila nyumba itapewa mlango wa uani? Kila mtu awe na pa kupenyea?"

"Ndivyo alivyosema."

"Na yeye hajui?"

"Hajui."

"Na hotuba ya sikukuu anaiandika nani?"

Shaweji akalitazama karai. Kitu kikaanza kumpanda kutoka tumboni. Akadhani ni ule woga wake wa siku zote, akaziba mdomo kwa kiganja. Lakini kilipotoka kilikuwa kicheko. Bi. Siwema naye akaangua chake. Walicheka mpaka wauza ndizi wakaja kuuliza, na vitumbua vikaungua vyote, na hakuna aliyevijali.

Hotuba aliyoandika ilikuwa na sentensi moja tu. Dakta Fumbata akaishika kwa vidole viwili.

"'Kuanzia saa hii, kila nyumba katika nchi hii ina budi.' Hii maana yake nini?"

Shaweji aliamua kusema kweli, aone itakuwaje. "Maana yake ni kinyume cha 'hatuna budi', Mheshimiwa."

Dakta Fumbata akafikiri. "Vizuri. Kinyume cha kukosa ni kupata." Akaipitisha.

Sikukuu ya Taifa ilipambazuka na jua kali. Askari walipangwa mistari katika uwanja ulio mbele ya soko la Kwamkunguni, kwaya ya sifa ikajipanga kwa wimbo wake wenye beti nyingi kuliko jamaa za waimbaji, na kandokando ya soko injini za matingatinga ziliachwa zikinguruma, tayari kuanza kazi shughuli zikiisha. Mtukufu alisimama, kifua kikimeremeta kwa nishani, akaisoma sentensi yake kwa sauti ya radi.

Shangwe ilipotulia, kama desturi yake, akaanza kuongeza ya kwake, na hiyo ilikuwa hotuba ya saa nyingi.

Wa kwanza kuitumia budi hiyo alikuwa dereva wa tingatinga la mbele. Msimamizi wake, mwenye kofia ngumu na haraka ya kwenda kula pilau, alimpungia mkono aanze kabla ya wakati.

"Kwani lazima?" dereva akauliza.

"Hakuna budi, bwana! Bomoa!"

"Ipo," dereva akasema. "Nimeisikia ikitolewa sasa hivi." Akafikiri. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mtu kuonekana akifikiri hadharani katika nchi ile, na watu walisogea kutazama. Kisha akazima injini, akateremka, akaomba sigara.

Habari ilikimbia kupita moto wa nyika. Mwimbaji wa sauti ya kwanza akakaa chini katikati ya ubeti, akasema miguu inamuuma. Kwenye gwaride, askari mmoja alijikuna pua.

"Wewe! Simama wima!" sajini akafoka.

"Afande, nina budi."

Sajini akataka kufoka tena. Halafu ikamjia kwamba naye ana nyumba. "Kumbe hata mimi," akasema kwa mshangao, akavua buti, akajinyoosha kwenye nyasi. Mtaa wa pili bibi harusi aliyekuwa akipelekwa kwa mzee mmoja mwenye magari alisema, "Samahanini, nimepata," akashuka, akarudi kwao akicheza ngoma yake mwenyewe. Mawaziri waliokuwa wakisinzia kwa siri walisinzia waziwazi. Watu walianza kuondoka uwanjani, kwanza mmoja mmoja kwa kunyata, kisha makundi kwa makundi wakiimba.

Mtukufu akasita. "Shaweji! Wanakwenda wapi hawa?"

"Makwao, Mtukufu."

"Nani amewaruhusu?"

"Wewe, Mtukufu." Na hapo Shaweji alimweleza maana ya neno lile, yote, na lilikotoka, kama alivyomweleza Bi. Siwema. Alipomaliza alifumba macho, akangoja likizo yake.

Haikuja. Mtukufu alikuwa akiutazama uwanja unaozidi kuwa mtupu, na uso wake ulikuwa umelegea kwa namna ambayo hakuna mpiga picha aliyewahi kuipata.

"Na mimi je?" akauliza polepole. "Ninayo?"

"Umesema kila nyumba, Mtukufu. Ikulu nayo ni nyumba."

"Unajua, mimi nilitaka kuwa fundi saa," Mtukufu akasema. "Wakaniambia hakuna budi." Akavua nishani moja moja, akaziweka juu ya kiti, akashuka ngazi akiwa ametia mikono mifukoni. Waliokutana naye njiani wanasema alikuwa akipiga mbinja.

Dakta Fumbata hakungoja vumbi litue. Aliruka kwenye kipaza sauti.

"Ndugu wananchi! Nchi haikai bila kichwa! Mungu ni shahidi, mimi sikuyatamani madaraka haya. Mimi ni mtumishi tu. Lakini kwa hali ilivyo, sina budi..."

"Unayo!" waliobaki uwanjani wakaitika kwa pamoja.

"Nasema sina..."

"Unayooo!" Vigelegele vikapasua anga.

Dakta Fumbata aliwatafuta askari kwa macho. Walikuwa wamekaa kivulini na wachuuzi wa soko, wakitafuna miwa. Akakirudisha kipaza sauti mahali pake kwa uangalifu, kama mtu anayerudisha kitu cha kuazima, akaenda zake kutafuta gari. Dereva wake naye alikuwa amekwishakwenda kwao.

Baada ya hapo maisha hayakuwa rahisi. Mambo yote yaliletwa katika mikutano ya Kwamkunguni, na kila anayetaka jambo ilimpasa asimame aseme, "Ninayetaka ni mimi," kisha aulizwe kwa nini. Sukari ilipanda tena bei, lakini safari hii aliyeipandisha alijulikana, akaitwa, akakemewa asubuhi nzima mpaka akaishusha. Watu walikaukiwa na sauti kwa kubishana. Shaweji alirudi chuoni kufundisha, mshahara ukiwa mdogo na usingizi mwingi.

Siku moja mkutano ulijadili kulipiga marufuku neno lenyewe. Mmoja alitaka atakayesema "hakuna budi" alipishwe mbuzi. Mwingine alitaka lifutwe hata kwenye kamusi. Shaweji akaitwa atoe maoni ya kitaalamu, naye, kwa kuwa kalamu iliyozoea hotuba haisahau, akatoa karatasi ndefu.

"Ndugu zangu," akaanza, "neno ni kama chombo. Je, chombo kina kosa? Tukiangalia asili yake..."

Ukatoka ukelele. Nyamizi, muuza nazi, aliyekuwa amekaa mbele na tumbo lake la miezi tisa, alikuwa ameshika ukingo wa meza yake kwa mikono yote miwili. Watu wakasimama. Mmoja akasema apelekwe hospitali. Mwingine akasema gari hakuna. Mzee mmoja aliyependa utaratibu akashauri angoje kidogo, mwalimu amalizie.

"Angoje nini?" Bi. Siwema akanguruma, akizitandika kanga chini huku akiwasukuma wanaume kwa kiwiko. "Huyu anakuja sasa. Hapa hapana budi!"

Watu wakatazamana. Hakuna aliyeitika "Ipo!" Hata yule aliyetaka faini ya mbuzi aliitikia kwa kichwa.

"Na wewe mwalimu, umekodoa macho ya nini? Lete maji ya moto!"

Shaweji akaitupa karatasi, akanyakua sufuria ya muuza chai, akakimbia nayo katikati ya matenga ya nyanya, maji yakimwagikia viatuni. Alipofika alikuwa amechelewa. Mtoto alikuwa amemtangulia, mwekundu, amekunja ngumi, analia kwa hasira ya mtu ambaye hakuna aliyemuuliza kama anataka kuja.